Nukta Tatu za Rangi ya Kucha

4 Machi

Fundi Sikio, shemeji yangu,

Shikamoo. Huku tumeamka na mvua ndogo, ya kulaza vumbi tu. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu unajibu "sawa, sawa" hata sijauliza kitu, halafu unakata. Barua nitampa dereva wa basi, yule mwenye bashasha, ataiacha hapo kwenye duka lililo jirani na gereji yako.

Ni habari ya gari la mdogo wako. Tangu tumzike limekaa uani chini ya mabati. Juzi nimeliwasha. Liliwaka, ila lile tetemeko lake unalolijua limezidi. Wewe ni mtu wa injini, mimi ni mtu wa cherehani, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha yangu: linaruka mshono. Linashona, linashona, linashona, linaruka. Na mbele ya usukani kuna taa ya njano inanikonyeza kama kijana asiye na adabu.

Mwanao, binti yangu, anatarajia kujifungua mwezi wa tano. Anataka niende, tena anataka niende na gari hili, si basi. Nikamwuliza, basi lina ubaya gani? Akasema, "Mama, nataka mwanangu atoke hospitali kwa gari la babu yake." Sasa njia ni ile ya mlimani, inayopita kwako, na unajua pale kwenye kona za juu hakuna hata nyumba ya kuomba maji. Litafika hivi lilivyo, au litengenezwe kwanza? Niambie wewe.

Kioo cha kati sijakigusa. Kipo kwa kimo cha mdogo wako, kwa hiyo nikikitazama naona dari la gari tu. Na dirisha lake lipo wazi upana wa kidole, kama alivyozoea kuliacha. Alikuwa akisema gari nalo lina pua.

Mshonaji wako


9 Machi

Shemeji,

Marahaba. Simu yangu imezeeka, usiilaumu. Barua ni bora, barua haikatiki.

Hilo la kuruka mshono sisi tunaita kumisi. Silinda moja inakosa moto. Kila silinda ina plagi yake ya kutoa cheche, na juu ya plagi imekaa koili, kidude cheusi kama kiatu cha mtoto, kinachoipa plagi nguvu. Zipo nne. Koili ikichoka, cheche hakuna, petroli inashuka mbichi hadi kwenye ekzosi na kuiunguza. Kwa kwenda sokoni utavumilia. Kwa mlima, hapana.

Najua utauliza koili hubadilishwa lini. Wateja wote huuliza. Koili si mkate, haina tarehe. Wengine hungoja ife. Wengine huibadilisha ikianza kusinzia. Mimi husema, ibadilishe kabla ya safari ambayo hutaki kukwama njiani. Lakini kwanza tujue kama ni yenyewe.

Fanya hivi. Washa gari. Fungua boneti. Kila koili ina plagi ya waya juu yake. Chomoa waya huo mmoja mmoja, na kurudisha kila mara. Waya tu, koili yenyewe usiiguse injini ikiwa inawaka. Ukichomoa na gari likashtuka, hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na gari lisijali, hiyo ndiyo mgonjwa.

Ningekuja mwenyewe, ila magoti.

Sikio


15 Machi

Fundi Sikio,

Nimefanya. Mama Pacha, jirani yangu, alikuja kuchukua gauni lake akanikuta nimeinama ndani ya boneti. Akaweka mikono kiunoni.

"Makubwa haya! Mjane na spana?"

"Afadhali spana kuliko umbea," nikamwambia.

"Basi nishike nini?"

"Shika mdomo."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Ndiye aliyenishikia tochi, maana chini ya mabati ni giza hata mchana.

Nilichomoa waya wa koili ya kwanza, gari likagutuka kama mtu aliyevutwa shuka. Nikarudisha upesi, nikasema pole. Mama Pacha akasema, unalipa pole gari? Ya pili, vilevile. Ya nne, vilevile. Nilipochomoa ya tatu, halikujali. Nilirudisha, nikachomoa tena. Wala.

Nilisimama pale na waya mkononi. Nilifikiri jinsi kitu kinavyoweza kuondoka katikati ya wenzake, na wenzake wakawa wameshazoea kwenda bila yeye. Nikafunga boneti, nikamkabidhi Mama Pacha gauni lake, na sikushona tena siku ile. Nililala mchana. Nikaota niko ndani ya gari, linakwenda bila mlio kabisa, kama linapita ndani ya pamba, na kwenye kiti cha pembeni kuna mtu ambaye siwezi kugeuka kumtazama.

Ni ya tatu, shemeji.

Mshonaji


20 Machi

Shemeji,

Umefanya kazi ya fundi. Mwambie Mama Pacha akitaka kazi nitamwajiri, ila mdomo auache nyumbani.

Sasa bado hatujui kama anayeumwa ni koili au plagi iliyo chini yake. Hivi ndivyo tunavyopima: zima injini, iache ipoe kabisa. Fungua bolti ya koili kwa spana namba kumi, uivute juu taratibu, usiivunje shingo. Peleka koili ya tatu mahali pa ya kwanza, na ya kwanza mahali pa ya tatu. Kisha pima tena kama ulivyopima. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki palepale, plagi.

Ikiwa ni koili, nitakutumia zote nne. Zilifungwa siku moja, zimeonja joto moja. Moja ikienda, nyingine hazikawii kuifuata.

Mwanao anaendeleaje? Anakula?

Sikio


26 Machi

Fundi Sikio,

Anakula, na analalamika kwamba anakula.

Nimehamisha kama ulivyosema. Mikono yangu ilinuka petroli hata nikaogopa kushika kitambaa cheupe cha watu. Nimepima tena. Ni ileile ya tatu, shemeji. Wenzake wanashtuka, yeye hana habari.

Nimekutumia na mlio wake kwa simu, nimeurekodi nikiwa nimesimama karibu na gurudumu la mbele. Wewe ndiye Sikio. Watu walikuwa wanaleta magari kwako kutoka mbali, unawaambia wazime hata kabla hawajashuka, umeshajua. Sikiliza uniambie.

Ila nikuambie jambo moja. Uliandika kwamba moja ikienda, nyingine hazikawii kuifuata. Nimekaa na maneno hayo kwa muda. Mimi nipo bado. Na wewe upo. Kwa hiyo sidhani ni kweli siku zote.

Mshonaji


1 Aprili

Shemeji,

Kama ugonjwa umebaki pa tatu, basi ni plagi. Nimempa dereva wa basi plagi nne mpya. Usizikaze kwa nguvu za hasira, kaza kwa nguvu za kufunga chupa ya mafuta. Koili zirudishe juu yake.

Hilo la kufuatana niliandika kifundi. Nisamehe. Mafundi hatujui kuandika.

Mlio nimeupata. Mzuri.

Sikio


10 Aprili

Shemeji,

Mzuri? Gari linakohoa kama mzee kwenye baridi, nakutumia mlio wake, unaniambia mzuri? Mama Pacha alisema pengine una wateja wengi. Nikamwambia shemeji yangu hana haraka hivyo. Lakini niliumia kidogo. Nilifikiri, mdogo wake hayupo, sasa na gari lake halina mtu wa kulisikiliza.

Plagi nimeziweka. Nilizikaza kwa nguvu za chupa. Nikawasha. Linatetemeka vilevile, na mgonjwa ni yuleyule.

Na sasa nitasema ukweli. Nilifurahi.

Unajua tulivyokuwa tukisimama kwenye taa za barabarani. Gari likisimama ndipo tetemeko huja sana, mpaka funguo zinacheza. Basi yeye alikuwa anaweka kiganja chake juu ya goti langu, anasema, "Tulia, mama, tulia." Nikamwuliza, unaliambia gari au unaniambia mimi? Anasema, "Yeyote atakayetangulia kutulia." Miaka yote hiyo, kila taa nyekundu. Siku hizi nikiliwasha pale uani, goti langu linatetemeka peke yake, linangoja. Wewe utasema ni koili. Mimi nasema nikiitengeneza hiyo, nitabaki na gari kama la mtu yeyote.

Kwa hiyo nimefikiri nimwambie binti yangu nitakuja kwa basi.

Halafu kuna kitu kimenichekesha, peke yangu, siku ya kuhamisha. Unakumbuka harusi ya huyo binti, nilivyotafuta ile rangi yangu nyekundu ya kucha nyumba nzima, nikawatuhumu mabinti wote wa ukoo, na wewe ukanitania kwamba kucha zangu zimekwenda harusini uchi? Ilikuwa kwa babake. Kila koili ina nukta za rangi hiyohiyo, moja, mbili, tatu, nne. Ndizo nilizofuata tangu siku ya kwanza kujua ipi ni ipi. Angeniambia tu, ningempa chupa yenyewe. Lakini ndivyo alivyokuwa, anaiba kitu ambacho angepewa kwa kuomba.

Mshonaji


14 Aprili

Shemeji,

Soma barua hii umekaa.

Wewe ulikuwa unahesabu wapangaji, mimi nilikuwa nahesabu vyumba. Niliposema ya tatu nilimaanisha chumba cha tatu kutoka upande wa mkanda, yeyote aliyemo. Wewe uliposema ya tatu ulimaanisha koili yenye nukta tatu, popote ilipo. Ulipoihamisha, ugonjwa ulihama nayo. Ukaniandikia "ni ileile ya tatu", nami nikasoma kwamba haukuhama. Plagi zile hazikuwa na kosa. Koili ndiyo mbovu, na imekuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Nakuuliza sasa: ulipofungua boneti mara ya kwanza, nukta zilikuwa zimepangana? Moja, mbili, tatu, nne? Nadhani hapana. Nadhani zilikuwa zimechanganyika. Hiyo ni kazi ya mdogo wangu. Alijua ile ya nukta tatu imechoka. Badala ya kuitupa, alikuwa anaihamisha, leo chumba hiki, kesho kile, ili silinda moja isipate taabu peke yake. Mimi nilimfundisha upuuzi huo tukiwa vijana, kwenye gari ambalo halikuwa letu. Mama yetu alikuwa anatulaza hivyohivyo kitandani, anayekojoa anahamishwa kila usiku ili asilowane ndugu mmoja tu. Simtaji ni nani.

Sasa la pili. Mlio ulionitumia, sikuusikia.

Niliweka simu sikio hili, nikaweka sikio lile, nikaweka juu ya meza nikaitazama. Miaka ya injini imelipwa kwa masikio, shemeji. Simu haijazeeka. Nasikia watu kama wako upande wa pili wa ukuta, na wewe ukipiga nasema sawa kwa sababu najua hutaniambia jambo baya la kukataa. Hapa gerejini nimejifunza kuweka kiganja juu ya boneti. Kiganja kinaniambia mengi. Wateja wanaona ni mbwembwe mpya ya mzee. Hakuna anayejua ila wewe. Magoti yangu ni mazima. Nilichoogopa ni kuja kwako, uwashe gari la mdogo wangu, uniulize "unasikia?", na mimi nisimame pale.

Kwa hiyo nilikuwa nasoma ulivyoandika, linashona, linashona, linashona, linaruka, na hapo ndipo nililisikia. Sijasikia gari vizuri hivyo kwa muda mrefu.

Koili nne zipo kwa dereva, zimefungwa kwa khanga kuukuu. Sikulazimishi. Lile la goti silijui, si la kifundi. Ila kwa mlima ule na ekzosi ile, gari haliendi na koili iliyokufa. Na mdogo wangu alikuwa anaihamisha akiwa hai wa kuihamisha. Sasa hakuna wa kuihamisha.

Sikio


22 Aprili

Fundi Sikio, shemeji yangu,

Nimesoma nimekaa, kisha nikasoma nimesimama, kisha nikaenda kusoma ndani ya gari.

Nukta zilikuwa zimechanganyika. Mbili, nne, moja, tatu. Nilidhani alikosea kuhesabu. Nikasema, kumbe huyu mtu hakuwa na hesabu na mimi nilimpa ada za shule za watoto apeleke.

Kuhusu sikio lako, sijamwambia mtu, hata Mama Pacha, na unajua hiyo ni kazi kubwa. Nisamehe kwa lile la "mzuri". Nilipopiga simu na wewe ukasema sawa, nilikuwa nasema nimekukumbuka. Kwa hiyo ulijibu vizuri.

Koili zimekaa mezani karibu na cherehani. Kila asubuhi nasema leo. Halafu nashona. Jana nimeshona nguo ndogo za mtoto, za shingo ya kufungia begani, na uzi ukakatika, ukakatika tena. Ukiona uzi unakatika hivyo, ni sindano imechoka. Nimewafundisha wasichana wengi: usingoje sindano mpaka ichane kitambaa cha mteja, ibadilishe ukianza kuisikia. Nikavuta mtoto wa meza, nikatoa sindano mpya. Nikaibadilisha bila kufikiri. Na nilipoinua macho koili zikawa zinanitazama.

Sindano ile kuukuu nilitumia kushonea gauni la harusi la mwanao. Sikuililia.

Binti amepiga simu asubuhi. Anasema mgongo umeanza kuuma na daktari amesema huenda ikawa mapema. Sikumwambia habari ya basi. Nilimwambia, "Nakuja na gari."

"La baba?"

"Kwani tuna lingine?"

Nikasikia analia, nikajifanya simu ni mbaya. Sawa, sawa, nikasema, nikakata. Nimejifunza kwako.

Ninabadilisha leo, zote nne. Mama Pacha anakuja na tochi. Nikifika kwako nitasimama.

Mshonaji


29 Aprili

Shemeji,

Umeondoka asubuhi na mimi nimeshakaa kuandika, kana kwamba hukuwepo hapa jana.

Sikukuambia vizuri. Ulipoingia gerejini niliweka kiganja juu ya boneti kama kawaida yangu. Nikakuuliza, "Mbona umeshazima?" Nikaona mdomo wako unasema, "Linawaka, shemeji." Nikaweka kiganja cha pili. Kwa chini kabisa, ndani, palikuwa na kitu kama paka aliyelala. Nimeshika magari maisha yangu yote. Nilitaka kumwita mdogo wangu aje aone.

Ile ya nukta tatu uliyoniachia nimeitundika ukutani penye spana namba kumi. Mteja mmoja ameuliza kama inauzwa. Nikajifanya sikusikia.

Andika ukifika. Uniambie linaliaje siku hizi.

Aliyekuwa Sikio, sasa Kiganja


6 Mei

Shemeji Kiganja,

Ni wa kike. Ana vidole virefu na hasira. Mama yake ni mzima, analala muda huu ninapoandika, na pazia linapumua taratibu dirishani.

Umeuliza linaliaje. Kule mlimani, kwenye kona za juu, nilidhani limezimika, nikaitazama taa ya njano, haipo. Kimya kile kilinitisha mwanzoni. Kisha nikasikia upepo. Ulikuwa unaingia kwa lile dirisha lake, upana wa kidole, unapiga mluzi mwembamba, unakatika penye kona, unarudi. Miaka yote hiyo ulikuwepo na sisi tulikuwa tunatetemeka juu yake. Dirisha nililiacha wazi. Kioo cha kati nilikirekebisha, nikaiona barabara niliyotoka.

Penye taa ya kwanza ya mji huu goti langu lilikaa tu. Sikupenda. Lakini lilikaa.

Jana tumemtoa mtoto hospitali, kama mama yake alivyotaka. Akalia. Lo, alilia! Gari laini kama pamba na mtoto analia kama anafukuzwa. Baba yake, aliyeshika usukani, akasema labda joto. Binti akasema, "Mama, mimi nilikuwa nalala humu kila safari. Kwa nini huyu halali?" Nikatazama boneti. Nusura nikuandikie urudishe ile ya ukutani.

Nikamchukua begani, nikaanza kumpiga mgongoni kwa vidole, sikufikiria mwendo gani. Vidole vyenyewe vilijua. Tatu napiga, moja naruka. Tatu napiga, moja naruka. Pale penye pengo alikuwa ananyamaza kusikiliza, kama anangoja kitu. Hatukufika mwisho wa barabara ya hospitali, akawa amelala.

Mtoto anaamka sasa. Naweka kalamu chini nimpokee, maana kwa kazi ya kumpigapiga mgongoni natumia mkono uleule.

Mshonaji